Ushanga mmoja kwenye mililita 50

Nimelisema kosa hili hapa mkutanoni mwaka jana na mwaka juzi, na leo nimelikuta tena kwenye bango la utafiti pale mlangoni: "seli zilizokuzwa bila uvutano". Bila uvutano wapi, jamani? Juu ya meza ya maabara? Hata kwenye kituo cha anga, kilomita kama 400 juu, uvutano ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Waliomo wanaelea kwa sababu wanaanguka mfululizo pamoja na kituo chao, basi.

Na chupa yetu ya kuzunguka tunayokuzia seli zitutengenezee protini, ile iliyobuniwa NASA, shirika la anga la Marekani, kule Houston, ni habari hiyohiyo. Chukua mbegu za mrehani zilizovimba, tia kwenye chupa, jaza maji mpaka pomoni, kusibaki povu hata moja. Ilaze, iviringishe polepole. Mbegu zinaanguka kila nukta, ila maji yanazigeuza kabla hazijatua. Seli nazo ni hivyo, na hakuna pangaboi la kuzichapa. Kwa hiyo umebadilisha mambo mawili kwa mpigo: jinsi uvutano unavyozivuta seli, na msukosuko wa maji. Protini ikiongezeka, utamshukuru nani?

Wanaoijua hadithi ya ushanga wanivumilie. Miaka ya 1990 Demain, mtafiti wa chuo cha MIT kule Marekani, na wenzake walikuza bakteria E. koli inayotengeneza mikrosini B17, kijiprotini cha kuua bakteria wengine. Kwenye chupa ya kutikiswa, mikrosini ilibaki ndani ya seli. Kwenye ya kuzunguka, karibu yote ikakutwa nje, kwenye mchuzi, yaani majimaji ya kukuzia. Mwenye haraka angeshaandika bango! Wao wakaizungusha chupa ya namna ileile ikiwa imesimama wima, yaani katika uvutano wa kawaida. Bado nje. Kisha wakatumbukiza ushanga wa kioo. Mmoja! Kwenye mililita 50. Mikrosini ikarudi ndani. Kumbe ni msukosuko. Kiasi chake, hicho kweli kilipungua chupa ilipolazwa kuigiza hali ya uvutano kidogo, lakini hilo ni swali jingine.

Naona mkono. Najua: hiyo ni bakteria, sisi tuna seli za hamsta, tunatafuta erithropoietini, homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Bwana wee, bakteria ana ukuta na bado ushanga umemyumbisha, sembuse seli yako isiyo na ukuta?

Nilitaka kusema kuhusu mabonge ya seli yanayokosa oksijeni katikati, na sukari zinazobandikwa kwenye erithropoietini. Zikipungua, ini huifagia upesi kwenye damu, kwa hiyo msinihesabie miligramu peke yake. Lakini naonyeshwa saa.

Mwenye bango, tuonane kwenye chai. Njoo na matokeo ya ile chupa ya pili, iliyozunguka ikiwa imesimama wima. Kama hukuifanya, chai unalipa wewe.