Okwui Enwezor alianza na jarida

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, leo ninazungumza nanyi nikiwa München, mbele ya Haus der Kunst, jumba lililofunguliwa mwaka 1937 ili Wanazi waonyeshe humo sanaa waliyoihesabu kuwa ya Kijerumani halisi. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2018 jumba hili liliongozwa na Mwafrika, Okwui Enwezor, mzaliwa wa Calabar, Nigeria.

Enwezor alikuwa mwandaaji wa maonyesho ya sanaa, yaani mtu anayechagua kazi za wasanii, anayeamua ipi ikae karibu na ipi, na anayeandika maelezo yake. Enwezor hakusomea sanaa. Alifika Marekani mwaka 1982, akasoma sayansi ya siasa, kisha akawa mshairi New York. Wasanii wa Afrika wa zama zake walikuwa nadra mno katika makumbusho ya jiji hilo, naye hakungoja mtu amwajiri: mwaka 1994 yeye na wenzake walianzisha Nka, jarida la sanaa ya kisasa ya Afrika, ambalo jina lake kwa Kiigbo lina maana ya sanaa.

Ninaomba tutulie hapo kwenye jarida, kwa sababu naamini ndilo lililomfunza kazi. Mhariri husoma hoja za wengine neno kwa neno, hudai ushahidi, na huzipanga makala ili zijibizane. Mwaka 1996 alikuwa miongoni mwa walioandaa maonyesho ya wapiga picha 30 wa Afrika katika makumbusho ya Guggenheim; mwaka uliofuata akaongoza Biennale ya pili ya Johannesburg (biennale ni maonyesho makubwa ya sanaa yanayokusudiwa kufanyika kila baada ya miaka miwili). Alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa yanayofanyika katika mji wa Kassel, Ujerumani, mwaka 2002, alifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko uteuzi wenyewe. Kabla milango ya Kassel haijafunguliwa, aliitisha mijadala Vienna, New Delhi, Saint Lucia na Lagos, kisha ikachapishwa vitabuni. Wataalamu walikwenda Lagos kujadili maisha ya Freetown, Johannesburg, Kinshasa na Lagos yenyewe, na mijadala hiyo ikahesabiwa kuwa sehemu kamili ya maonyesho, si pambo la pembeni.

Mwaka 2015 aliongoza Biennale ya Venice, ambako kitabu cha Karl Marx kuhusu mtaji kilisomwa kwa sauti mbele ya watazamaji.

Saratani ilimchukua tarehe 15 Machi 2019, akiwa na umri wa miaka 55. Wiki moja kabla ya hapo, humu ndani nyuma yangu, yalifunguliwa maonyesho ya El Anatsui, yule Mghana anayeunganisha vifuniko vya chupa hadi vinaning'inia ukutani kama kitambaa. Enwezor aliyaandaa pamoja na Chika Okeke-Agulu, mhariri mwenzake wa Nka.