Vistari Vimejaa, Video Kol Imeganda: Simu za Intaneti Huku Kusini

HAMISI: Karibuni, tuko hewani kutoka Mtwara mjini. Leo ni simu zinazopita kwenye bando: sauti, vidio, na kule zinakoelekea. Dada Zaituni, tuanze na lalamiko la kila siku. Mtu ana 4G, vistari vimejaa, video kol inaganda.

ZAITUNI: Vistari vinapima namna simu yako inavyoupokea mnara. Havisemi mnara unakupokeaje wewe. Mnara unarusha kwa wati 20, 40, hata zaidi. Simu ya kawaida kwenye 4G mwisho wake ni wati 0.2. Sasa chukua mtu aliye bondeni chini ya Newala, upande wa mto Ruvuma, mnara uko juu ya uwanda nyuma ya ukingo. Mawimbi ya mnara yanamfikia, ya kwake hayapandi. Yeye anakuona vizuri, wewe unaona sura imeganda mdomo wazi.

HAMISI: Na mtu huyohuyo akifungua YouTube, inacheza bila shida.

ZAITUNI: Kwa sababu YouTube inajaza akiba ya sekunde kadhaa mbele, na karibu yote ni kupakua. Maongezi ya simu hayana akiba. Sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, pakiti 50 kila sekunde. Kipande kikichelewa kinatupwa, maana sentensi imeshapita. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikikaribia 400 mnaanza kuongea kwa pamoja, kila mtu anasema "halo, halo". Kwa hiyo ukipima mtandao, achana na ile namba kubwa ya kupakua. Tazama kasi ya kupakia na ucheleweshaji.

HAMISI: Tupe hesabu ya bando, kaka zangu wa bodaboda wanasubiri hapo.

ZAITUNI: Haya. Kodeki ya Opus, yaani njia ya kubana sauti ili ipite kwenye mtandao, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2012, inatoa sauti nzuri kwa kilobiti 24 kwa sekunde. Lakini kila pakiti inabeba anwani zake, baiti 40. Mara 50 kwa sekunde, hizo ni kilobiti 16 nyingine. Jumla 40 kwenda, 40 kurudi: MB 0.6 kwa dakika, MB 36 kwa saa. Vidio ya kilobiti 500 kila upande ni MB 7.5 kwa dakika. Nusu saa, MB 225.

HAMISI: Yaani GB moja haifikishi saa mbili na nusu za vidio, ila ya sauti unaongea mpaka chaji iishe.

ZAITUNI: Haswa. Na vidio ikisuasua, zima kamera kabla hujakata simu. Sauti itabaki. Pia simamisha programu inayopakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hiyo peke yake inaziba njia ya kupandia. Kwenye WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna kitufe cha kupunguza data ya simu. Kiwashe.

HAMISI: Tuje VoLTE. Wengi wanaiona kwenye mipangilio hawajui kazi yake.

ZAITUNI: Hii kwangu ndiyo habari kubwa kuliko 5G. VoLTE ni simu ya kawaida, unapiga namba, lakini inapita kama data ndani ya 4G, na mtandao unaitengea njia yake. Simu ya WhatsApp inapanga foleni pamoja na vidio za watu wote. Siku ya mnada wa korosho, watu mia kadhaa wamejaa ghalani na mnara ni mmoja, tofauti hiyo utaisikia.

HAMISI: Mtu atajuaje kama kwake inafanya kazi?

ZAITUNI: Piga simu huku unatazama alama juu ya kioo. Ikibaki 4G, iko sawa. Ikishuka kuwa H au E, simu imerudi 3G au 2G, ndiyo maana inachelewa kuita na intaneti inalegea au inakufa mkiongea. Hapo kagua mambo matatu. Laini: kama ni ya zamani, ya kabla ya 4G, kaibadilishe. Mipangilio ya laini: VoLTE iwe imewashwa. La tatu ndilo linalowakwamisha wengi: simu yenyewe. Simu nyingi za kuagiza nje zina 4G kamili, lakini programu yake haikuandaliwa kwa mtandao wa hapa, basi VoLTE haitokei. Uliza kabla hujalipa.

HAMISI: Simu ya laini mbili?

ZAITUNI: Kwa nyingi, ukiongea laini ya kwanza, data ya laini ya pili inasimama. Haijaharibika, ndivyo ilivyo.

HAMISI: Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti nchini ikalegea vibaya. Simu za kawaida za ndani hazipiti huko.

ZAITUNI: Ndiyo, ila za programu zinaweza kupita. Mko wote Masasi, lakini sauti inaweza kuzunguka kupitia seva ya nje ya nchi. Usitupe vocha ya dakika.

HAMISI: Na setilaiti, simu ya mkononi moja kwa moja?

ZAITUNI: Inakuja, polepole. Kampuni ya simu ya One NZ ya New Zealand ilianza Desemba 2024 kwa meseji tu. Vidio juu ya Liwale kwa njia hiyo, bado sana.

HAMISI: La mwisho, watu wa Msimbati na vijiji vya mtoni: simu inanasa mtandao wa Msumbiji, salio linayeyuka.

ZAITUNI: Zima data ya nje ya nchi, yaani rominga. Kisha ingia mipangilio ya laini, ondoa uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, subiri orodha, chagua kampuni yako. Orodha ikitoa namba badala ya majina, zinazoanza na 640 ni Tanzania, 643 Msumbiji. Ukirudi mjini, rudisha uchaguzi wa kujiendesha, la sivyo mnara ukipotea simu itakaa bila mtandao nawe utadhani imeharibika.