Baada ya Sala, Nani Anasema?

Bwana Yesu asifiwe. Wazazi wenzangu, kwenye ibada ya nyumbani watoto wapewe nafasi ya kuuliza na kusema. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitaendelea kulisema mpaka nilione linafanyika. Baba anasoma, baba anaeleza, baba anaomba, amina, watu wakalale. Hiyo ndiyo ibada ya nyumbani? Nikiwa mdogo niliuliza kwa nini Yakobo alimdanganya baba yake na bado akapata baraka. Nikaambiwa nyamaza, hapa tunasali. Ilipita miaka mingi kabla sijauliza tena.

Twendeni kijiji cha Little Gidding, Uingereza, tukaone nyumba moja iliyofanya tofauti. Mwaka 1625 tauni ilikuwa inaua watu London, na familia ya Ferrar ikahamia kwenye shamba ililonunua huko. Kanisa la pale lilikuwa limegeuzwa ghala la majani ya mifugo. Bibi Mary Ferrar, mjane mtu mzima, akakataa kupumzika mpaka kanisa lisafishwe kwanza. Mwanawe Nicholas akawa shemasi mwaka 1626. Sala zao zilifuata saa, na Zaburi zote 150 zilisomwa kila siku.

Ninachotaka mkisikie ni cha tarehe 2 Februari 1631. Siku hiyo walianzisha baraza la hadithi wakaliita Akademia Ndogo. Nani aliwekwa mbele? Mabinti! Mary Collett, mpwa wa Nicholas, ndiye aliyeitwa Mkuu. Wadogo zake wakapewa majina ya tabia njema waliyokuwa wakiitafuta: Anna akawa Mvumilivu, Hester Mchangamfu, Margaret Mwenye Upendo. Wajomba zao nao walikuwamo, Nicholas akiitwa Mkaguzi na John akiitwa Mlezi, lakini masimulizi yalikuwa ya mabinti. Mmoja anasimulia, wengine wanahoji, na yote yanaandikwa.

Hadithi moja walikaa nayo sana: Kaizari Charles wa Tano, aliyeachia ufalme mwaka 1556 akaenda kukaa Yuste, Hispania, kwenye nyumba ya watawa. Mtu aliyekuwa na kila kitu, mbona amekiacha?

Naona mzee mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Habari za kaizari zinamhusu nini binti wa shambani? Mzee wangu, zinamhusu sana! Nicholas, mjomba aliyeketi hapo hapo akiwasikiliza, alikuwa mbunge mwaka 1624. Mwaka huohuo Kampuni ya Virginia, kampuni ya Waingereza ya kuanzisha koloni Amerika, aliyoitumikia kwa nguvu zake zote, ikafutwa. Naye akaacha siasa na biashara. Kwa hiyo mabinti walipouliza kama Charles alifanya vema, walikuwa wanauliza habari za nyumba yao wenyewe, mbele ya mhusika, kwa heshima na bila kumtaja. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi. Mtoto hawezi kukuuliza, "Baba, kwa nini uliacha kazi?" Lakini habari za kaizari anaweza kuuliza.

Mwingine atasema sisi tuna Sungura na Fisi wetu, za Wazungu za nini? Nicholas asingewapenda hao Sungura na Fisi. Alitaka habari za kweli tu, na mwaka 1637, akiwa karibu kufa, aliagiza vitabu vyake vya tamthilia na visa vya kubuni vichomwe moto. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Bibi akisema "Paukwa!" mjukuu lazima aitikie "Pakawa!", maana yake mtoto ameshafunguliwa kinywa kabla hadithi haijaanza. Tulikuwa na mlango huo, tukaufunga wenyewe, tena kwa jina la utulivu wa ibada!

Nilitaka kusema pia juu ya watoto wa vijiji vya jirani na Little Gidding, waliokuja Jumapili kukariri zaburi, wakapewa peni moja kwa kila zaburi na chakula cha mchana. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi leo usiku fungueni Mwanzo 27, habari ya Yakobo na Isaka. Isomeni yote. Kisha baba anyamaze, na mdogo kuliko wote ndani ya nyumba ndiye aanze.