Usingizi wa Mahenge na usingizi wa Helsinki: kinga ya mwili, jeni na ubongo

Haya tuanze jamani, walioko nyuma mnanisikia? Hii maiki inakwaruza, nitapaza sauti tu.

Nyumbani kwa bibi yangu kulikuwa na kikombe cha bati kilichobanduka rangi, kikombe cha kunywea mtu mmoja tu, binamu yake baba, alikuwa na kifafa. Mtoto mwingine akikigusa anatumwa akanawe. Bibi alikuwa anasema kifafa kinaambukiza kwa mate, lile povu. Sasa bibi huyohuyo, siku walipokuja watu wa kuposa upande ule wa ukoo, namsikia jikoni anamnong'oneza shangazi kwamba wale kifafa kiko kwenye damu yao, wanarithishana. Nikawa najiuliza, bibi chagua moja basi, ni mate au ni damu?

Nikaja kusoma, nikawa namcheka kimoyomoyo miaka mingi tu. Siku hizi simcheki. Kwenye mate alikosea, na hili nalisema mapema asije akatoka mtu hapa amenielewa vibaya, kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu wala kwa kumshika mtu aliyeanguka. Ila kule kugoma kwake kuchagua moja, hapo alikuwa karibu na ukweli kunizidi mimi na madaftari yangu. Maana sisi tukisikia ugonjwa wa ubongo tunauliza haraka, wa kurithi au wa kuambukizwa? Na kwenye magonjwa mengi nitakayoyataja leo kile kinachorithiwa ni namna mwili wako unavyopambana na wadudu wanaoambukiza. Yaani hayo maswali mawili ni swali moja.

Twende Mahenge, mkoa wa Morogoro, kule milimani Ulanga. Kuna daktari anaitwa Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika kule kuelekea 1960 na akaanzisha kliniki ya kifafa. Alikuta watu wamefichwa majumbani, wengine wana makovu ya moto kwa sababu walianguka jikoni na hakuna aliyethubutu kuwatoa kwenye moto, kila mtu anaogopa lile povu, hofu ileile ya bibi yangu. Na akaona kitu kingine, kuna watoto ambao kabla ya kifafa cha kuanguka walianza na kichwa kudondoka mbele, kinadondoka kinarudi, kinadondoka kinarudi, kama mtu anayesinzia kwenye basi. Wenyeji wanasema amesinzia kichwa. Kule kaskazini mwa Uganda kwa Waacholi, miaka ya baadaye ilipoibuka Kitgum na Pader, wao wakaita luc luc. Kitaalamu ni degedege la aina yake, misuli ya shingo inalegea ghafla kwa sekunde chache halafu inakaza, inaweza kujirudia mara 5 mpaka 20 kwa dakika moja, na mara nyingi inamwanza mtoto akiwekewa chakula mbele au akipigwa na baridi. Hebu fikiria mama, unamwekea mtoto ugali na ndio kichwa kinaanza kudondoka. Wanaanza wakiwa na miaka mitatu na kuendelea, wengi kati ya 5 na 15, kisha wanadumaa, akili inarudi nyuma, shule wanaacha.

Daktari yule aliona pia kwamba kuna koo zina wagonjwa wengi kuliko nyingine. Ukoo ule una watano, ukoo wa jirani hauna hata mmoja. Damu, si ndiyo?

Sasa tazama ramani. Mahenge, kaskazini ya Uganda, Sudan Kusini. Makabila mengi ya huko hayana undugu wa karibu, lugha hazifanani, ila wote wana mito yenye maji ya kasi, na kwenye maji ya kasi ndiko anakozaliana yule nzi mdogo mweusi anayeeneza usubi. Wengi hapa usubi mnaujua kama ugonjwa wa macho na ngozi, mtu anawashwa mpaka ngozi inakuwa kama ya mjusi halafu anapofuka. Mnyoo wake unaitwa onkoserka. Na kifafa kinafuata mto. Utafiti uliofanyika vijiji vya Mahenge 2017 ulikuta kifafa kwa asilimia 3.5 ya watu kwenye vijiji vya ndani ndani na asilimia 1.5 vile vya karibu na mji, na hata hiyo ya mjini ni kubwa. Ndani ndani ndiko kwenye nzi. Kwahiyo mnyoo, si ndiyo? Mnaona tunavyorushwa huku na huku.

Shida ni kwamba huyu mnyoo hapatikani kwenye ubongo. Wametafuta kwenye maji ya uti wa mgongo ya watoto wanaosinzia kichwa, wametafuta kwenye bongo za watoto waliofariki, hayupo. Unamlaumu mwizi ambaye hajawahi kuonekana ndani ya nyumba.

Ndio hapo inakuja kinga ya mwili. Mnajua kinga tunavyowafundisha watoto shuleni, askari wanalinda mpaka, sawa, ila askari anamjuaje adui? Anaangalia umbo la protini, kipande kidogo tu, kama mlinzi aliyepewa picha ya pua ya mwizi peke yake. Sasa ikitokea kwenye mwili wako mwenyewe kuna mtu ana pua ya hivyo hivyo, anapigwa. 2017 watafiti walitoa ripoti kwamba watoto wanaosinzia kichwa, zaidi ya nusu yao, walikuwa na kingamwili, yaani silaha za hao askari, zinazoshambulia protini moja inaitwa leiomodini-1, protini ambayo ipo pia kwenye seli za ubongo, na inafanana na protini ya yule mnyoo. Watu tukashangilia, nami nilishangilia, nilibadilisha slaidi zangu zote usiku uleule. Ila wale wazima wa vijiji hivyohivyo nao, karibu theluthi, walikuwa nazo hizo kingamwili na hawasinzii. Na tafiti zilizofuata kwenye maeneo mengine hazikuona tofauti kubwa kati ya wagonjwa na wazima. Wengine walipochunguza bongo za marehemu Uganda wakakuta uchafu wa protini ya tau, ile inayoonekana kwa wazee wenye Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, kwa watoto! Kwahiyo nikisimama hapa niwaambie tumemaliza nitakuwa nawaongopea. Nzi na mnyoo ushahidi wake ni mzito. Njia anayopita mnyoo mpaka kuharibu ubongo bado inabishaniwa.

Lakini swali la maana ni lile la jirani. Wote wawili wameumwa na nzi walewale, wana mnyoo uleule, kwanini mmoja asinzie?

Kuna sehemu kwenye kromosomu ya 6 inaitwa HLA. Muone muuza karanga anavyopita na sinia, anaweka mafungu juu uone kabla hujanunua. Karibu kila seli yako ina masinia madogo ya hivyo, inachukua vipande vya protini vilivyomo inaviweka juu, askari wa kinga anapita anakagua. Kipande cha virusi, anapiga kengele. Kipande cha mwenyewe, anapita. Sasa umbo la sinia unarithi, nusu kwa baba nusu kwa mama, na masinia yanatofautiana mno kati ya mtu na mtu, ndiyo maana kupata mtu wa kukupa figo ni kazi. Sinia la mtu mmoja linabeba vizuri kipande cha mnyoo kwa pembe fulani, la mwingine kinateleza. 2020 ilitoka kazi kuhusu watoto wa Sudan Kusini, ikaonyesha kuna fungu la HLA ambalo ukiwa nalo unaelekea kukingwa na ugonjwa huu. Wazima walikuwa nalo zaidi kuliko wagonjwa. Utafiti ule ulikuwa mdogo, nisiukuze. Ila mnaona bibi anavyorudi mlangoni? Ukoo unarithishana, ndiyo, lakini kinachorithishwa ni sinia.

Ambapo hili limethibitika vizuri zaidi ni mbali, Helsinki na Stockholm, na huko nako ni kusinzia, sijui kwanini nchi yangu na yao zikakutana kwenye neno hilohilo. Kuna ugonjwa unaitwa nakolepsi. Mtu anasinzia katikati ya sentensi, au anacheka kichekesho kikali magoti yanalegea anaanguka na fahamu anazo. Chanzo ni kufa kwa kundi dogo la seli ndani kabisa ya ubongo, zinazotengeneza kemikali ya kutuweka macho, hipokretini, ni makumi machache ya maelfu ya seli tu kati ya mabilioni. Na karibu wagonjwa wote wa aina hii wana sinia moja, DQB1*06:02. Ukisikia hivyo unasema basi ni jeni. Ila Ulaya ya kaskazini karibu mtu mmoja kati ya wanne analo hilo sinia na wanalala na kuamka kama kawaida. Na mapacha wa kufanana, jeni zilezile kabisa, mmoja akiugua mara nyingi mwenzake haugui.

2009 ikaja homa ya mafua ya H1N1. Finland na Sweden wakachanja watu wengi kwa chanjo iitwayo Pandemrix, na 2010 madaktari wakaanza kupokea watoto wanaosinzia darasani. Walipohesabu Finland, waliochanjwa wa miaka 4 mpaka 19 hatari yao ilikuwa karibu mara 13 ya wasiochanjwa, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni takriban mtoto mmoja kwa kila 16,000 waliochanjwa. Na waliougua ni wenye lile sinia.

Naona simu zimeanza kurekodi, basi rekodi na hii isibaki nusu ukarusha kwenye grupu. Beijing nako nakolepsi ilipanda baada ya H1N1, na wengi wa wale walikuwa hawajachanjwa kabisa, walipata mafua yenyewe tu. Inadhaniwa kipande cha virusi ndicho kilichokaa vibaya kwenye sinia, uwe umekipata kwa sindano ile au kwa kupigwa chafya sokoni. Chanjo ile haitumiki tena. Chanjo ya surua na polio ya mtoto wako haihusiani na habari hii hata kidogo, mpelekeni.

Nipite haraka kwenye maltipo sklerosisi, ugonjwa wa kinga kula ganda la mishipa ya fahamu, kwetu ni nadra, Wazungu wanao sana. Ila virusi vyake vina historia ya hapa jirani. Daktari Denis Burkitt akiwa Mulago, Kampala, aliona uvimbe wa taya kwa watoto, vipande vikasafirishwa kwa ndege mpaka London, na 1964 Epstein, Achong na Barr wakavitangaza virusi walivyoviona humo, vinaitwa Epstein-Barr. Karibu kila mtu mzima duniani anavyo. 2022 ikatoka kazi iliyofuatilia wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 kwa miaka 20, hatari ya kupata maltipo sklerosisi ikapanda mara 32 baada ya kuambukizwa virusi hivyo. Na sinia la hatari, DRB1*15:01, 2024 walilifuatilia kwenye mifupa ya kale wakafika kwa wafugaji wa nyika za mashariki ya Ulaya, miaka kama 5,000 iliyopita. Huenda liliwasaidia kupambana na magonjwa ya mifugo, leo linawasumbua wajukuu. Na virusi hivi, sikilizeni vizuri, vinaenea kwa mate. Kwahiyo bibi kile kikombe alikipata, alikosea ugonjwa tu.

Swali? Mama pale, ndiyo. Anauliza, mtoto wake wa kwanza anasinzia kichwa, huyu wa pili ana miaka sita, afanyeje, akapime jeni?

Hapana mama, hela hiyo nunua kitu kingine, hicho kipimo hakitakwambia la kufanya. Sinia lake hulibadilishi. Nzi na mnyoo ndio tunaowaweza. Kaskazini mwa Uganda walipogawa ivermektini, dawa ya usubi, mara mbili kwa mwaka na kuweka dawa mtoni kuua viluwiluwi vya nzi, watoto wapya wa luc luc walikaribia kuisha kabisa baada ya 2013. Sisi Mahenge kingatiba ilianza miaka ya 1990 mara moja kwa mwaka, haikutosha, wengine walikuwa shambani siku ya kugawa, wengine walitema. Kwahiyo mgawa dawa akipita na kile kijiti chake cha kupimia urefu, mtoto akifika sentimita 90 anameza, mbele yako, na mzunguko wa pili anameza tena. Huyu wa kwanza asiache dawa za kifafa hata siku moja, na asikae karibu na moto peke yake.

Anauliza tena, wanywe kikombe kimoja?

Wanywe.