Faili Imebaki, Afisa Ameondoka

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika 15 za kuzungumzia maafisa wa watoto wanaoacha kazi, na walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi: nyanya wa Mathare, ule mtaa wa mabanda wa Nairobi. Nivumilieni tena.

Kulikuwa na mvulana wa miaka tisa tuliyemtoa kwenye makao ya watoto tukamrudisha kwa nyanya yake. Afisa wa kesi alikuwa ameshakunywa chai kwa huyo mama mara sita. Alijua kwamba mjomba akilewa, mtoto hulala kwa jirani muuza mandazi. Alijua pia kuwa simu ya nyanya huzimwa mchana, kwa sababu kuchaji kibandani ni pesa. Kisha akaacha kazi. Faili aliiacha safi, kila ukurasa na sahihi yake. Afisa mpya akaifungua, akasoma: “Nyumba ya mabati, mlango wa buluu, karibu na kioski cha maji.” Mathare! Alizunguka siku mbili. Kufika, mlango umeshapakwa kijani na mtoto yuko mtaani wiki ya tatu. Wa mandazi alijua alipo. Lakini wa mandazi hayumo kwenye faili.

Nikisimulia haya naambiwa, bwana, kazi ya watoto ni wito. Sawa, lakini makanga wa matatu hapokei wito badala ya nauli. Yule afisa hakuwakimbia watoto. Alichoka kutoa nauli mfukoni mwake halafu kujaza fomu ya kurudishiwa, na pesa zenyewe hazionekani. Siku aliyosikiliza mtoto aliyenajisiwa akisimulia mwanzo hadi mwisho, mkubwa wake alimuuliza jambo moja tu: ripoti ya mahakama iko wapi?

Namwona mwenzangu pale nyuma anataka kusema tuna Sheria ya Watoto ya 2022. Tunayo, na ni nzuri, imetaja malezi ya jamaa hadi kafala, yaani kulea mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu. Tuna na mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao warudi kwa familia. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira! Kumtoa mtoto kwenye makao ni kazi ya asubuhi moja. Kumfuatilia nyumbani ni miezi na miezi, na anatakiwa mtu yule yule, si sura mpya kila msimu wa mvua.

Wala msiniambie wahudumu wa kujitolea wataziba pengo. Wanatufaa sana, lakini wana vibarua vyao vya mjengo. Ukimshindisha mtu mahakamani Milimani Jumatatu akingoja kesi iitwe, Jumanne watoto wake watakula nini?

Haya, haraka haraka. Nauli itoke kabla ya safari. Msimamizi akae na afisa saa moja kila wiki mbili, wazungumze kesi zinazomnyima usingizi, ripoti zisubiri. Anayeondoka amtembeze anayeingia nyumba kwa nyumba, na chai ainywe. Uhamisho wa ghafla na vyeo vilivyokwama… naona Mwenyekiti ameshika saa. Basi watu wa utumishi, msitoroke kabla ya chai, hayo mawili ni yenu.