Ampea za Jedwali na Joto la Chini ya Bati
(Mhadhara kwa mafundi umeme na wasimamizi wa viwanda vya kubangua korosho, Mtwara)

Ndugu mafundi na wasimamizi, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nami nitaendelea kulisema kwa sababu kebo zinaendelea kuungua. Ampea mnazozisoma kwenye jedwali la kebo, yaani kiasi cha mkondo wa umeme ambacho waya unaweza kubeba, zina masharti yake. Jedwali linalotumika sana linasema kwamba nyaya za shaba za milimita 6 za mraba zenye ganda la plastiki ya PVC, zikipita ndani ya bomba kwa umeme wa fezi tatu, hubeba ampea 36. Jedwali hilo hilo linasema pia, mahali ambapo watu hawapasomi, kwamba hewa inayolizunguka bomba iwe na joto la nyuzi 30 na kwamba ndani ya bomba kusiwe na saketi nyingine, yaani nyaya za mzigo mwingine. Niambieni ni kiwanda gani hapa Mtwara ambacho chini ya bati lake, saa nane mchana mwezi wa Novemba, kuna nyuzi 30.

Niliitwa katika banda moja ambako kompresa yenye mota ya kilowati 15 ilikuwa ikizimika kila alasiri. Mota ya namna hiyo huvuta ampea 29 hivi kwa volti 400, na breka yake, yaani swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, ilikuwa ya ampea 32, kwa hiyo kwenye karatasi hapakuwa na kosa: 29 haizidi 32, na 32 haizidi 36. Lakini nyaya zilipanda kutoka kwenye paneli, zikapita darini karibu kabisa na bati, ndani ya bomba moja na saketi nyingine mbili. Kabla sijafika, mtu alikuwa ameing'oa breka ya 32 na kuweka ya 63. Kompresa ikaacha kuzimika, meneja akaridhika, fundi akalipwa. Tulipozivuta nyaya zile, ganda jekundu lilikuwa limegeuka hudhurungi, na nilipoukunja waya mmoja kwa vidole lilipasuka na kudondoka vipande vipande kama ganda la korosho iliyokaangwa, shaba ikabaki wazi.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Hewa ikifika nyuzi 50, ampea za waya wa PVC huzidishwa kwa 0.71. Saketi tatu zenye mzigo zikikaa katika bomba moja, huzidishwa tena kwa 0.70. Anzeni na 36, nanyi mtapata chini kidogo ya 18. Waya uliopewa kazi ya ampea 29 ulikuwa na uwezo wa 18! PVC imetengenezwa kwa ajili ya shaba isiyozidi nyuzi 70, na kwa hesabu hiyo, saketi zote tatu zikiwa na mzigo wa namna hiyo, shaba inapita nyuzi 100. Breka ya 63 haiwezi kuliona jambo hilo, kwa kuwa kwake 29 ni mzigo mwepesi. Breka ikikatika inatoa habari, na anayeibadilisha kwa kubwa zaidi bila kupima waya ameinyamazisha habari hiyo na kuuacha waya bila mlinzi.

Najua yupo atakayesema kwamba kwake zimefungwa hivyo hivyo na msimu mzima umepita salama. PVC haiungui siku ya kwanza. Hukauka kidogo kidogo, na makadirio ya kawaida ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango hupunguza umri wa ganda kwa karibu nusu. Kwa hiyo msimu mmoja uliopita salama hauthibitishi chochote kuhusu msimu ujao.

Mwingine atasema waya mnene ni ghali. Ni kweli: kwa njia ile ile ya darini mngehitaji milimita 16, ambazo ampea zake 68 hubaki karibu 34 baada ya mapunguzo. Lakini teremsheni njia ukutani, mahali pasipozidi nyuzi 35, ipeni saketi hiyo bomba lake peke yake, mbali na mabomba mengine, na milimita 6 zile zile zitabeba karibu 34. Gharama hapo ni bomba na kazi ya siku chache.

Muda unanibana, kwa hiyo mengine nitayapitia haraka. Maandishi ya 450/750 au 600/1000 mnayoyaona kwenye kebo yanahusu volti: namba ya kwanza ni kati ya waya na ardhi, ya pili kati ya fezi na fezi, na ukubwa wake hauongezi ampea hata moja. Mashine inayohamishwa ipewe kebo laini ya mpira, kwa maana waya wa ndani ya ukuta hukatika ukikunjwa kila siku. Waliopo karibu na bandari, na wenzetu wa mashamba ya chumvi kule Lindi, wazibe vizuri glandi (viungio vinavyobana kebo inapoingia kwenye kisanduku) za kebo za amadi, yaani zenye kinga ya chuma, kwa kuwa hewa ya chumvi huanza kula chuma pale kilipokatwa.

Kuhusu umbali, chukueni mfano huu. Milimita 6, mita 100, ampea 29: mnapoteza karibu volti 19 kati ya 400 mota ikiwa imekwisha shika mwendo. Inapowashwa moja kwa moja huvuta mara 6 hivi ya kiasi hicho, volti zinashuka zaidi, na mota yenye mzigo huweza kunguruma pale pale bila kuzunguka huku nyaya zake zikichemka. Hapo msimlaumu muuza mota kabla hamjapima volti kwenye kisanduku cha mota yenyewe wakati inawashwa.