Gamba la Chikichi: Jeni Moja na Mafuta ya Dizeli

Wazee wangu wa michikichi, ndugu wanafunzi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie jeni za mafuta katika mimea ya nishati. Mimea hiyo ni mingi: mbono, soya, alizeti na mingineyo. Mimi nitabaki na mchikichi, kwa sababu tupo Kigoma, na kwa sababu hakuna zao la mafuta linaloufikia kwa mavuno ya ekari moja. Indonesia, tangu 2025, dizeli inatakiwa iwe na asilimia 40 ya mafuta yaliyotokana na mawese. Sisi tunaungia maharage, wao wanaendeshea malori. Mti ni uleule.

Hebu tazameni chikichi hizi mbili nilizokata. Ya kushoto ni dura, iliyojaa katika mashamba yetu ya zamani: nyama nyembamba, gamba nene ambalo mama zetu hulipasua kwa jiwe ili wapate mise. Ya kulia ni tenera. Gamba lake ni jembamba, na pembeni yake kuna duara la nyuzi nyeusi. Nafasi iliyoachwa na gamba imechukuliwa na nyama, na mawese yamo kwenye nyama. Kwa hiyo tenera huwa na mafuta takriban asilimia 30 zaidi. Ipo na aina ya tatu, pisifera, isiyo na gamba kabisa. Mtu angesema hiyo ndiyo ya kupanda! La hasha: mikungu yake kwa kawaida huoza kabla ya kukomaa.

Siri ya aina hizi tatu ilifumbuliwa ng'ambo ya ziwa letu, ndani huko Kongo, katika kituo cha utafiti cha Yangambi karibu na Kisangani. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba jambo lote linaamuliwa na jeni moja. Dura ana nakala mbili za kujenga gamba. Pisifera hana hata moja. Tenera ana moja, maana ni chotara wa hao wawili.

Sasa pigeni hesabu. Umeona tenera mzuri kwa jirani, ukaokota mbegu zake, ukapanda miche 100. Hata kama baba naye alikuwa tenera, utapata wastani wa dura 25, tenera 50 na pisifera 25. Robo ya shamba haizai, robo nyingine imerudi ulikotoka, nawe umepalilia miaka mitatu au minne bila kujua. Ndiyo maana mbegu za kituo cha utafiti cha Kihinga, hapa Kigoma, hutengenezwa kwa kumchavusha mama dura kwa chavua ya baba pisifera. Watoto wote hutoka tenera. Anayewauzia mbegu za kuokota chini ya mti, akaziita za kisasa, anawauzia bahati nasibu.

Jeni yenyewe ilinaswa mwaka 2013 na watafiti wa Malaysia na Marekani, wakaiita SHELL. Ni jeni msimamizi: huwasha jeni nyingine zinazojenga gamba. Faida yake kwa mkulima ni kwamba kipande kidogo cha jani la mche sasa kinatosha kupima vinasaba na kuujua mti ungali kitaluni.

Lakini gamba jembamba linatoa nafasi tu. Nani anaijaza mafuta? Hapa mtende unatufundisha. Mtende na mchikichi ni ukoo mmoja, ila nyama ya tende hujaa sukari na ya chikichi hujaa mafuta. Watafiti walipolinganisha matunda hayo mwaka 2011, waliona jeni iitwayo WRI1 inafanya kazi kwenye chikichi zaidi ya mara 50 kuliko kwenye tende. Jeni hii huamuru sukari igeuzwe kuwa asidi za mafuta. Kwangu mimi hili ndilo tamu kuliko yote niliyoyasoma kuhusu mti huu.

Tatizo ni aina ya mafuta. Karibu asilimia 44 ya mawese ni asidi ya palmitiki, yenye kaboni 16, kwa sababu kimeng'enya kimoja hukata mnyororo wa kaboni mapema kabla haujafika 18. Dizeli yake huwaka vizuri, ila huganda kwenye baridi. Jakarta hawajali, majira ya baridi ya Ulaya ni habari nyingine. Wazalishaji wa mbegu wamegeukia pia mchikichi wa Amerika, mfupi na wenye asidi nyingi ya oleiki, isiyoganda upesi kwenye baridi, wakauchanganya na wa Afrika. Chotara hao wanapandwa Colombia. Uchavushaji wao wa asili ni hafifu, basi wafanyakazi hupita mti kwa mti wakipuliza chavua kwa mkono, na gharama hiyo lazima ihesabiwe kabla ya kuusifu mti.

Naona mzee pale nyuma ameinua mkono kitambo. Karibu, mzee.